Ngano Iliyopungua Soweto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mektrida aliteka maji mferejini, akamkatia ng'ombe majani, kisha akapima maziwa ambayo mama yake angeyapeleka kwa wateja. Kazi mbili za kwanza alizifanya haraka. Ya tatu aliifanya polepole. Aliweka kipimo cha lita juu ya jiwe bapa, akangoja povu lishuke, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na mdomo wa kipimo.

"Ng'ombe atazeeka wewe ungali unapima," mama yake, Monica, alimtania.

"Povu si maziwa, mama."

"Kamwambie hivyo baba yako siku akipimiwa pombe ya mbege."

Mektrida alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Nyumbani kwao Masama, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, palikuwa na kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, ambalo baba yake alilirithi. Baba huyo, Evaristo, hakuwa mtu wa maneno mengi. Majirani walipobishana naye juu ya kipimo chochote alisema tu, "Muulizeni Mektrida. Akisema tano, ni tano."

Mwaka huo, 1992, bei ya kahawa ilikuwa chini sana hata baadhi ya majirani wakaacha matunda yaoze mtini. Biashara ya nafaka, kwa upande mwingine, ilikuwa imefunguliwa. Mkulima aliweza kumuuzia mnunuzi yeyote. Evaristo akakodi ekari mbili upande wa magharibi wa mlima, akapanda ngano. Hakuwahi kulima ngano maishani mwake. Alichokijua ni kahawa.

Mavuno yalikuja mwezi Agosti. Mashine ya kuvunia ilikuwa na mashamba mengi ya kuzungukia, ikafika kwao jioni, siku ambayo ukungu ulikuwa haujaondoka tangu asubuhi. Kesho yake Mektrida alisimama kando ya lundo la ngano na debe lao la nyumbani. Alijaza, akapangusa mdomo wa debe kwa ubao ulionyooka ili punje zisipande kilima, kisha akamimina guniani. Debe sita kwa kila gunia. Yalijaa magunia kumi, na juu yake zikabaki debe mbili, ambazo mama alizitia kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko kwa matumizi ya nyumbani.

"Tusiianike kwanza?" Monica aliuliza.

"Kahawa tunaianika kwa sababu tunaiosha," Evaristo alijibu. "Ngano imekaukia shambani. Jua limeshamaliza kazi."

Hata hivyo hakutaka kuiweka Masama, ambako ukungu huingia hadi chini ya vitanda. Mdogo wake, Sirili, alikuwa seremala mjini Moshi, mtaa wa Soweto, na kando ya karakana yake alikuwa na chumba kikavu chenye paa la bati. Magunia kumi yakashushwa huko kwa pikapu ya jirani.

Mwanzoni mwa Oktoba Evaristo alipata mnunuzi. Akateremka Soweto pamoja na Mektrida kwa pikapu ileile ya jirani, wakiwa na debe lao lilelile. Mama mdogo Rachel, mke wa Sirili, alikuwa kibarazani akikaanga chapati. Kila siku aliziuza kwa mafundi na wanafunzi.

"Shikamoo mama mdogo," Mektrida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu shemeji. Mtakula ya moto au ya moto zaidi?"

Evaristo alicheka kidogo, akaingia chumbani. Alipotoka hakuwa akicheka.

"Sirili, mbona magunia ni tisa?"

Sirili aliweka randa chini, akapangusa mavumbi ya mbao mikononi. "Niliianika, kaka. Siku moja nilitia mkono guniani nikakuta kuna joto kama mtu mwenye homa. Nikaimwaga yote kwenye turubai, ikala jua siku kadhaa. Niliporudisha magunia yakawa tisa. Hata mimi nilishangaa."

"Ulishangaa, ukanyamaza."

"Nilijua utakuja. Ningekuandikia nini? Kwamba ngano imejikunja?"

Evaristo alianza kufungua magunia. Walimwaga ngano yote juu ya turubai, Mektrida akapima. Alipangusa mdomo wa debe kwa ubao kama alivyofanya shambani, na binamu yake Evelyn, aliyelingana naye kwa umri, akashika gunia. Zilipatikana debe hamsini na nne. Mektrida alirudia magunia mawili ili kuhakikisha. Hesabu haikubadilika.

"Shambani ulihesabu ngapi?" baba yake aliuliza, ingawa alijua.

"Sitini."

"Nimesikia," Evaristo alisema. "Sirili, mimi ni mkulima wa kahawa. Najua kitu kikikauka kinapungua uzito. Kama tungekuwa tumepima kwa kilo, ningenyamaza. Lakini tumepima kwa debe. Maji yakitoka, punje inabaki palepale ilipo. Kilo hupungua, debe halipungui. Debe sita haziwezi kupaa."

"Mimi sijui zilikokwenda. Najua sikuzila."

Evaristo aligeuza uso kuelekea kibarazani, kwenye kikaango na rundo la chapati. Kila mtu uani aliona alikotazama. Rachel alizima jiko.

"Unga wa chapati hizi nanunua dukani, shemeji. Mwenye duka yuko pale, nenda kamuulize."

"Sihitaji kumuuliza mtu. Mwizi hujulikana kwa hesabu. Jumapili ijayo ukoo unakutana kwa mama. Tutalimalizia huko, na Mektrida atasema alichopima." Akapakia gunia moja kwenye pikapu ili wazee walione. Mengine akaagiza yasiguswe.

Mektrida alipokuwa akipanda gari, Evelyn alimsogelea. "Haya, Mama Mizani," alisema kwa sauti ya chini. "Umehesabu vizuri sana. Baba yangu sasa ni mwizi."

"Mimi sikusema ni mwizi. Nilisema hamsini na nne."

"Kwa baba yako ni kitu kimoja."

 Njia nzima hadi Masama Mektrida alikuwa akiirudia hesabu kichwani. Hakuona kosa. Debe lilikuwa moja, ubao ulikuwa mmoja, mikono ilikuwa yake. Kama kipimo ni sahihi mara zote mbili, basi debe sita zimechukuliwa. Aliiona hoja hiyo kuwa imenyooka, ila hakuipenda, na alijua kwamba kutoipenda si sababu ya kuikataa.

Siku iliyofuata mama yake alimtuma achote ngano ya kuchemsha kutoka kwenye pipa. Alipofungua kifuniko alikutana na harufu ya nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Akachukua punje moja, akaiuma. Watoto wote wa Masama huuma kahawa ili kujua kama imekauka. Alifanya hivyo bila hata kufikiri. Punje ilibonyea chini ya jino kama nta ya mshumaa.

Alisimama hapo kidogo. Kisha akaenda kwenye gunia lililotoka Soweto, akachukua punje nyingine. Hiyo ilikatika kwa mlio, kama kijiwe.

Zilikuwa zimetoka shamba moja, siku moja, chini ya mashine moja. Aliweka punje kumi za pipa na punje kumi za Soweto kwenye kiganja, akazitazama kando kwa kando. Zile za pipa zilikuwa nene kidogo. Tofauti ilikuwa ndogo sana hata hakuweza kuapa kwamba ipo.

Jioni alimwendea baba yake, aliyekuwa akipogoa kahawa.

"Baba, naomba debe moja ya ngano ya pipa. Nataka kuipima."

"Umeshapima."

"Nilipima ngano yote. Sikupima kama debe hupungua ikikauka."

Evaristo aliendelea kukata matawi. "Unataka kumtetea baba yako mdogo."

"Sijui bado kama itamtetea. Ikibaki debe nzima, nitasema hivyo Jumapili."

Evaristo alisimama, akamtazama binti yake. "Chukua," alisema mwishowe. "Ila usimwage hata punje."

Kesho yake, baada ya masomo, Mektrida na mama yake walibeba ngano ya pipa na ya gunia la Soweto hadi kwenye ofisi ya chama cha ushirika cha kijiji, palipokuwa na mizani ya kupimia kahawa. Karani, Bwana Thadeus, aliwatazama juu ya miwani.

"Ngano hatununui hapa, binti."

"Shikamoo. Hatuuzi."

"Marahaba. Sasa mnapima nini?"

"Maji," Mektrida alisema.

Bwana Thadeus alimgeukia Monica. "Huyu ndiye yule anayesubiri povu?" Lakini aliwapisha.

Kwanza Mektrida alipima debe tupu, ili uzito wa bati usihesabiwe kuwa ni ngano. Kisha alilijaza ngano ya pipa na kulipangusa. Baada ya kutoa uzito wa bati, ngano ilikuwa kilo kumi na nne na robo tatu. Akaimimina pembeni, akajaza debe lilelile kwa ngano ya Soweto. Hapo ndipo mkono wake ulipotulia juu ya mizani. Ilikuwa kilo kumi na tano na nusu.

"Kavu ndiyo nzito?" Monica aliuliza. "Hiyo mizani imelewa."

"Imekaguliwa mwezi uliopita," Bwana Thadeus alisema, akainama kutazama mwenyewe.

 Jambo hilo lilikwenda kinyume na alivyotarajia Mektrida, na alihitaji kulielewa kabla ya kulitamka. Alichota ngano ya pipa kwa mikono miwili, kisha ya Soweto. Ya pipa ilishikamana, ikateleza kwa uvivu na kuacha mianya. Ya Soweto ilimiminika kama mchanga, kila punje ikitafuta shimo la kuingia. Ndani ya debe moja zilienea punje nyingi zaidi zikiwa kavu, kwa kuwa zilikuwa nyembamba na zilijipanga kwa kubanana.

Siku zilizofuata alianika ile ngano ya pipa kwenye kichanja cha kahawa, juu ya shuka ili isidondoke. Alipokuwa shuleni Monica alifukuza kuku. Ukungu ulipopanda waliiingiza jikoni, wakaitandaza kwenye ungo juu ya dari la meko, mahali ambapo bibi zao walihifadhi nafaka, na joto la moto likaendelea na kazi. Kila alipopata nafasi Mektrida aliipeleka kwenye mizani. Ilishuka, ikashuka tena, na mwishowe ikagoma kushuka. Ilikuwa kilo kumi na nne kamili.

Jumamosi alimwita baba yake. Hakutaka kumwambia matokeo. Alimkabidhi debe na ubao.

"Jaza mwenyewe, baba. Ni ile niliyoichukua kwenye pipa ikiwa debe moja iliyopanguswa. Mama aliiona kila siku."

Evaristo alimimina ngano yote. Ilikoma vidole viwili chini ya mdomo wa debe. Alilitikisa, ikashuka zaidi. Akaiondoa, akaimimina tena polepole. Vidole viwili.

"Imemwagika wapi?"

"Haikumwagika. Imepungua uzito kwa robo tatu ya kilo tu, lakini imepungua nafasi kwa vidole viwili, yaani sehemu moja ya kumi ya kimo cha debe. Punje ikikauka husinyaa, tena hukaa kwa kubanana." Akachukua kipande cha mkaa, akaandika kwenye ubao. "Tulipeleka Soweto debe sitini. Sehemu moja ya kumi ya sitini ni sita."

Evaristo alikaa juu ya gogo. "Niambie kwa kilo," alisema.

"Kila debe mbichi ikikauka hubaki kilo kumi na nne. Mara sitini ni kilo mia nane arobaini. Hizo ndizo zilizotakiwa kuwepo. Tulizozikuta ni debe hamsini na nne za kilo kumi na tano na nusu. Hizo ni mia nane thelathini na saba."

"Zimebaki tatu."

"Tatu sizijui, baba. Siwezi kusema zilikwenda wapi."

Evaristo alifunua pipa ambalo sasa lilikuwa na pungufu ya debe moja. Akatia mkono hadi chini, akautoa. Vidoleni palikuwa na punje zilizoshikana, zenye utando wa kijivu. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Magunia yote kumi yangekuwa hivi," alisema. "Aliniokolea mavuno, nami nikamwita mwizi mbele ya mke wake na mtoto wake."

"Mimi ndiye niliyehesabu."

"Hesabu yako ilikuwa ya kweli. Neno nililolibandika juu yake ni langu."

Aliinuka, akachukua panga, akaenda kwenye mpaka wa kihamba. Alirudi na jani refu la isale, akalifunga fundo. Isale hupandwa mipakani, na kwa Wachagga ni jani la kuomba msamaha: aliyekosa hulipeleka kwa aliyekosewa, bila kutuma mtu, na aliyekosewa hutakiwa kulitazama vizuri kabla ya kulikataa.

Monica alimwona akiwa nalo. "Mkubwa unampelekea mdogo?"

"Yeye ndiye niliyemkosea. Nimpelekee nani mwingine?"

Waliteremka Soweto siku hiyohiyo. Sirili alikuwa karakanani akipiga msasa mguu wa meza. Alimwona kaka yake, akaona na jani. Hakuacha kazi.

Evaristo aliliweka isale juu ya meza ile. Akaeleza yote, tangu punje iliyobonyea hadi ukungu wa kwenye pipa. Alieleza bila kujitetea, kama mtu anayesoma mizani. Rachel na Evelyn walikuja mlangoni wakasikiliza.

Alipomaliza, Sirili alipuliza mavumbi ya mbao. Hakuligusa jani.

"Na kama Mektrida asingeuma ile punje?"

"Kesho ningekwenda kwa mama," Evaristo alijibu, "na ningekuita mwizi mbele ya ukoo. Wangeniamini."

"Wangekuamini," Sirili alikubali. "Hata watoto wa watoto wangu wangeitwa wa yule aliyeiba ngano."

"Ndiyo."

 Huko barabarani mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka. Mektrida alitazama mikono ya baba yake mdogo na kuogopa kwamba haitanyooka. Alielewa sasa kwamba hesabu inaweza kuonyesha nani hakuiba, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kusamehe. Hilo lilikuwa la Sirili peke yake.

Sirili alifuta mikono kwenye suruali, akalichukua jani.

"Ungekuja na hesabu peke yake ningekurudisha," alisema. "Umekuja na jibu la kweli. Keti, kaka."

Rachel alishusha pumzi. "Na hizo kilo tatu, shemeji, waulize kuku wa jirani. Siku zile za turubai walikula mpaka wakashindwa kukimbia."

Evaristo alicheka, na Sirili naye, ingawa alichelewa kidogo. Evelyn alimpa Mektrida kigoda bila kumtazama usoni, kisha akakaa karibu naye.

"Nifundishe hiyo ya kilo na debe," alisema. "Lakini usijidai."

Kabla ya kuondoka Evaristo aliwaita watoto wote wawili. Hakupenda hotuba, kwa hiyo alisema akiwa amesimama.

"Sikilizeni, maana kosa hili nimelifanya nikiwa mtu mzima. Debe hupima nafasi. Mizani hupima uzito. Ukitumia kimoja tu, unajua nusu ya habari, na anayejua nusu lazima anyamaze mpaka ajue iliyobaki. Mimi nilikuwa na namba ya kweli mkononi, nikaitumia kusema uongo juu ya ndugu yangu. Uaminifu si kutoiba peke yake. Ni pamoja na kutosema zaidi ya ulichopima. Nafaka ianikwe kabla ya kuingia guniani, ipimwe kwa debe na kwa kilo, na wenye mali wote wawepo. Hayo ni ya ngano. Mtu hapimwi kwa debe wala kwa mizani. Mtu anaulizwa, na akijibu anasikilizwa. Sirili alinijibu siku ileile, uani hapa. Sikumsikiliza."

Jumapili, baada ya misa, ukoo ulikutana nyumbani kwa bibi. Wazee walikuwa wameshasikia kwamba kuna jambo la ngano, wakasubiri. Evaristo alisimama kwanza, kabla hajaitwa, akaeleza kosa lake mwenyewe kwa sauti iliyofika mpaka kwa vijana waliokaa nje. Sirili alikuwa kando yake. Alipomaliza, mzee mmoja aliuliza kama kuna shahidi.

"Yupo," Evaristo alisema, akamwita Mektrida.

Mektrida alisimama mbele ya ukoo. Alisema kilo ngapi na debe ngapi, na alipofika kwenye zile kilo tatu alisema kwamba hizo hakuzipima, ila mama mdogo anawashuku kuku. Kisha akaketi.